Mwaka Tulioijenga Upya Sitaha

Mtu aliyekulia bara akiona mashua kuukuu iliyooza husema bahari imeila. Bahari hula vyombo kwa njia zake: ina mdudu anayetoboa mbao zilizo chini ya maji, ina miamba, ina tufani. Lakini kuoza ni kazi ya mvua. Chumvi huuhifadhi ubao kama inavyomhifadhi papa mkavu. Maji baridi yakituama juu ya ubao huohuo, mahali pasipopita upepo, kuvu huota ndani yake na kuula mpaka ubaki unga. Nimeujua ukweli huu tangu mwaka 1984, nilipokuwa kijana pale Utende, kisiwani Mafia, mwaka ambao baba yangu na mdogo wake waliing'oa sitaha ya mashua yetu na kuijenga upya kwa mikono yao. Wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi niliyekuwa mvuta keekee ya kutobolea mbao, na naona ni haki yao nieleze ilivyokuwa.

Mashua ile ilijengwa Jibondo, kabla ya Uhuru. Mtu wa Mafia akisikia hivyo haulizi zaidi. Jibondo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini mwa Ghuba ya Chole. Udongo wake ni haba hata watu wake wakawa wanalima ng'ambo, kisiwani Juani, na maji ya kunywa walikuwa wakiyavusha kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Kwa kuwa ardhi haikuwapa kitu, waliishika bahari kwa mikono miwili, wakawa mafundi wa vyombo na wavuvi wa jarife, ule wavu mzito wenye matundu mapana wa kukamatia papa na taa. Chombo chetu kilijengwa kwa ajili ya jarife. Kilikuwa na sitaha mbili, moja omo, yaani mbele, na moja tezi, yaani nyuma, na katikati palikuwa wazi. Sitaha ya omo ilibeba nanga na kamba. Ya tezi ndiyo iliyokuwa nyumba. Hapo alikaa nahodha na usukani wake, hapo lilirundikwa jarife likiwa bado limeloa, hapo mabaharia walijinyoosha usiku wakisubiri kupambazuke. Chini yake ziliwekwa chumvi, unga, mtungi wa maji ya kunywa, na samaki waliokwisha kupasuliwa.

Samaki wakigawanywa, chombo kilikuwa na fungu lake, wavu fungu lake, na kila baharia lake. Fungu la chombo ndilo lililotuvisha na kutupeleka shule. Chombo kikikaa juu, fungu hilo halipo.

Nacho kilikaa juu. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 maduka yalianza kukauka, na kila mwaka yalikauka zaidi. Tanga letu lilichanika wakati wa kusi ya mwaka 1982, na kitambaa cha kushonea jipya hakikuonekana mjini Kilindoni wala Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na hata mfanyabiashara aliyekuwa na jora moja halali aliogopa kulionyesha. Mashua ikavutwa juu siku za bamvua, ikaegemezwa kwa nguzo karibu na mikoko, ikafunikwa makuti. Hapo ilinyeshewa masika mbili.

Wakati ilipokuwa ikifanya kazi, sitaha ilioshwa kwa maji ya bahari kila waliporudi kuvua. Hakuna aliyefanya hivyo kwa kufikiria mbao. Walikuwa wakiondoa damu na utelezi wa papa. Lakini kwa kuosha vile waliilisha sitaha chumvi. Ilipokaa juu, uoshaji ulikoma. Makuti yalipochakaa yalianza kudondosha maji tone kwa tone mahali palepale, na kifuniko cha chini ya sitaha kilikuwa kimefungwa kwa kufuli ili wezi wasiingie. Kwa hiyo maji yalipata njia ya kuingia na upepo ukakosa njia ya kupita.

Masika ya pili kila Mtanzania wa umri wangu anaikumbuka. Aprili 12, 1984 Redio Tanzania ilitangaza kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki katika ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Wazee walikaa barazani kimya, na kwa muda hakuna aliyezungumzia kazi. Kisha bajeti ya mwaka ule ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa nje. Habari hiyo ilifika Mafia kwa midomo ya mabaharia: vitambaa vitarudi. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam aliahidi kututafutia kitambaa cha tanga. Baba akasema kama tanga litapatikana, basi chombo lazima kiwe tayari kulibeba.

Mvua zilipokatika tuliondoa makuti, na baba akapanda tezi. Kwa macho, sitaha ilikuwa nzima. Ilikuwa ya kijivu, kavu, ngumu chini ya unyayo. Baba hakuiamini. Alichukua nyundo akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kutoka usukani kuelekea mlingoti, akisikiliza. Mbao za kwanza zililia kwa sauti kali. Alipofika katikati sauti ikawa nzito na fupi. Akaniita.

"Mwanangu, ingia chini ya sitaha. Chukua kisu. Nitakapogonga, wewe choma kutoka huko."

Niliingia kwa tumbo. Harufu ilikuwa ya uyoga, wala si ya samaki. Nilichokiona kule chini sijakisahau. Mbao zilikuwa za hudhurungi iliyoiva, zimepasukapasuka vipandevipande vya mraba kama vile zimechomwa na moto, na juu ya mipasuko hiyo palitanda nyuzi nyeupe nyembamba. Baba aligonga, nami nikachoma. Kisu kiliingia mpaka mpini. Nilipokichomoa, unga mkavu ulinimwagikia usoni. Mahali pabaya kuliko pote palikuwa pale ubao ulipokalia mhimili, kwa sababu hapo maji yalipenya kati ya mbao mbili na hayakukauka kamwe. Niligusa msumari kwa kidole ukacheza. Ulikuwa haushiki chochote. Ile sitaha iliyoonekana nzima ilikuwa imebaki ganda la juu tu, unene wa kidole.

Baba alimwendea fundi mmoja anayejulikana. Fundi alikuja, akapima, akasema kazi anaiweza, lakini malipo anataka nusu yake iwe sukari, sabuni na khanga. Hakuwa mtu wa tamaa. Fedha wakati ule zilikuwa hazinunui kitu, na yeye naye alikuwa na watoto. Sisi hatukuwa na sukari wala sabuni. Baba alimshukuru, akampa nazi za kuondokea, na usiku ule akamwambia mama kwamba sitaha ataijenga mwenyewe. Ujanani aliwahi kuwashikia mafundi wa Jibondo mbao. Hakuwa fundi, ila alikuwa amekaa juu ya sitaha maisha yake yote na alijua kila sehemu ya chombo inafanya kazi gani.

Akamwita mdogo wake. Baba mdogo alikuwa seremala wa Kilindoni, mtengeneza milango, vitanda na madirisha, mtu wa mkono safi sana. Alikuja na kikapu cha vyombo vyake: randa, patasi, misumeno, pembe mraba na pimamaji. Siku ya kwanza aliweka pimamaji juu ya sitaha na kutikisa kichwa.

"Kaka, hapa hakuna kilichonyooka."

"Chombo kimelala ubavu," baba akamjibu. "Na hata kikisimama, hakina pembe mraba hata moja. Hicho kiweke, utakitumia nyumbani."

Badala yake baba alivuta uzi kutoka katikati ya omo mpaka katikati ya tezi, akaufunga ukakaza. Uzi huo ulikaa pale muda wote wa kazi, na kila kitu kilipimwa kutoka kwenye huo uzi kwenda kulia na kushoto. Baba mdogo aliuelewa mara moja. Tangu hapo kila mmoja alimwachia mwenzake eneo lake: baba alisema ubao ukae wapi na kwa nini, baba mdogo alisema utaungwaje.

Jambo la kwanza walilolifanya lilinishangaza, kwa sababu lilikuwa ni kufunga kabla ya kufungua. Mihimili ya sitaha si ya kubeba mbao za juu tu. Inashika mbavu mbili za chombo zisiachane. Chombo kilicho juu ya mchanga, kikiwa kimeegemea nguzo, uzito wake wote unasukuma mbavu nje. Ukiing'oa mihimili yote kwa pamoja, mbavu hufunguka, mbao za ubavuni huachia misumari yake, na chombo hakirudi tena katika umbo lake. Kwa hiyo baba alizungusha kamba nene chini ya mkuku na juu ya ubavu, akaikaza kwa kuipota na gongo, kisha akakingamisha magogo kwa ndani ili kamba isizidishe kubana. Kisha akaweka sharti: mhimili mmoja unatoka, mpya unaingia na kupigiliwa, ndipo wa pili uguswe.

Mbao za juu zilitoka kwa urahisi, nyingine kwa mkono mtupu. Hatukuzitupa. Misumari haikuwepo madukani, na ile michache iliyogawiwa kupitia duka la ushirika ilikuwa midogo, ya kupigilia mabati. Tulizirundika mbao zilizooza ufukweni tukazichoma, na asubuhi tukapepeta majivu tukaokota misumari. Tulifanya vivyo hivyo kwa mabaki ya chombo kingine kilichokuwa kimetelekezwa, baada ya kupata ruhusa ya mwenyewe. Msumari uliopita motoni hulainika. Mtu wa nyumba angeuona umeharibika, lakini mtu wa vyombo anautaka hivyo, kwa sababu ncha yake inapotokeza upande wa pili hukunjwa kwa nyundo na kurudishwa ndani ya ubao, na chuma kigumu hukatika kikikunjwa. Kazi ya kunyoosha ilikuwa ya watoto. Tulikaa chini ya mkorosho, jiwe mbele ya kila mmoja, tukigonga misumari kuanzia alasiri mpaka magharibi. Iliyoliwa na kutu mpaka ikawa nyembamba tuliitenga.

Mihimili ilikuwa ya mlilana. Huo ni mti wa jamii ya mikoko unaoota mbele kabisa, karibu na maji, na matawi yake hupinda yenyewe. Mafundi wa pwani huutumia kwa mataruma, yale magongo yaliyopinda ya ndani ya chombo, kwa sababu hiyo: ukikata mti ulionyooka ili upate umbo la kupinda, unakata nyuzi zake na kuudhoofisha, lakini tawi lililopinda likiwa mtini lina nguvu yake yote. Sitaha nayo inahitaji mpindo. Mhimili lazima uwe juu zaidi katikati kuliko ubavuni, upana wa vidole vichache tu, ili maji yateremke yenyewe yakatokee kwenye matundu ya pembeni. Sitaha iliyokaa bapa huweka maji. Baba mdogo alichukua mhimili wa zamani, uliooza ulivyo, akaulaza juu ya gogo jipya na kuuchora kwa mkaa. Kisha baba akashika tezo. Nilimwona akisimama na gogo kati ya miguu yake, akilichonga kuelekea kwake, vipande vyembamba vikiruka, bila kupima tena, akisimama tu mara mojamoja kuangalia kwa jicho moja.

Mbao za juu zilikuwa za mninga. Mninga hauoti Mafia; huja kutoka misitu ya bara, upande wa Rufiji. Tuliupata kwa nazi na papa wa chumvi, tukabadilishana na jahazi lililovuka kutoka kwenye delta. Baba angeweza kukata mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba, na watu walimwambia hivyo. Alikataa. Mwembe hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa, na sitaha hupigwa jua mchana na umande usiku, kwa hiyo ubao wa aina hiyo hauachi kuhangaika mpaka ulegeze misumari yake. Mninga hubadilika kidogo sana. Mbao zilipofika hazikupigiliwa mara moja. Zilipangwa kivulini, chini ya paa la makuti, na kati ya ubao na ubao kukawekwa vijiti ili upepo upite. Miisho yake ilipakwa mafuta isipasuke, kwa sababu ubao hukauka na kulowa kupitia miisho zaidi kuliko kupitia ubavu wake. Tuliziacha hapo muda mrefu. Kusi ilikuwa inavuma kavu, na baba alisema hiyo kusi ndiyo fundi wetu wa tatu.

Wakati wa kupigilia ndipo ndugu wale wawili walipobishana. Baba mdogo alizipiga randa mbao zikakutana sawasawa, hata wembe usingepita katikati. Alijivunia kazi hiyo na alistahili. Baba akamwambia azilaze ukingo, kila ubao upande wa juu, pabaki mfereji mwembamba kati ya ubao na ubao.

"Kaka, unaniambia niharibu kiungo kizuri."

"Nakuambia uiwekee pamba nyumba yake. Ubao ukigusana na mwenzake juu mpaka chini, pamba itakaa wapi? Chini ziguse, juu ziachane."

Baba mdogo alinyamaza kidogo, akachukua randa.

Nami nilipata kazi yangu. Keekee huendeshwa na watu wawili: mmoja hukandamiza kichwa chake ili ncha isikimbie, mwingine huvuta upinde kwenda na kurudi. Kila msumari ulitobolewa njia kwanza, kwa sababu mninga mkavu hupasuka ukipigiliwa bila tundu. Tundu lilikuwa jembamba kuliko msumari. Kisha mama na bibi, waliokaa kivulini na kikapu cha pamba, walinipa msumari ulio tayari. Walikuwa wameuchovya kwenye mafuta, na chini ya kichwa chake wamezungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta hayohayo. Kichwa kilipozama ndani ya ubao, uzi ule ulibanwa ukaziba tundu pande zote. Msumari usiofungwa uzi huacha njia ndogo ya maji pembeni mwake. Maji hushuka hadi kwenye mhimili, na kuoza huanzia hapo. Ndiyo maana, kama nilivyoona kule chini siku ya kwanza, mviringo mweusi ulikuwa umezunguka kila msumari wa zamani. Kazi ya uzi ilikuwa ndogo mno machoni pa wapita njia, na wanawake walioifanya hawakutajwa watu waliposifu sitaha. Mimi nawataja. Bila mikono ya mama na bibi tungekuwa tumejenga sitaha ya kuoza.

Baada ya mbao ikaja kalafati. Pamba ilipotwa ikawa kamba laini, ikalowekwa mafuta ya nazi, ikalazwa kwenye ule mfereji na kushindiliwa kwa chembeu na nyundo. Huishindilii kwa nguvu. Ukizidisha, unazisukuma mbao mbali. Ukipunguza, pamba hutoka jua likiwaka. Baba aliisikiliza sauti ya nyundo kama alivyosikiliza sitaha ya zamani, na ilipobadilika ikawa kavu, alisogea mbele. Juu ya yote tulipaka sifa, mafuta ya maini ya papa yaliyoyeyushwa juani ndani ya pipa. Harufu yake ilikaa kwenye nguo zetu na nywele zetu, na shuleni tulijulikana tumetoka wapi. Sifa huingia ndani ya ubao na kuyazuia maji, na ilipakwa tena na tena mpaka ubao ukakataa kunywa.

Kitu kimoja kilikuwa cha baba mdogo peke yake, na naamini ndicho kilichoipa sitaha ile umri wake. Alipokuwa chini akikunja ncha za misumari, alilalamika kwamba hapumui. Alipotoka alimuuliza baba kwa nini chumba cha chini kina mlango mmoja tu. Baba akasema ndivyo Jibondo walivyokijenga. Baba mdogo akasema nyumba yenye tundu moja haipitishi upepo. Unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Akatengeneza kidirisha cha vibao vilivyoinama, vile vinavyowekwa kwenye madirisha ya nyumba, akakiweka kwenye ubao unaokinga chumba kile upande wa mlingoti, mahali ambapo mawimbi hayafiki. Kuanzia siku ile, kifuniko kikifunguliwa, unaweka mkono chini ya sitaha na kuhisi upepo unapita. Mafundi wa Jibondo walikuja kukitazama. Mmoja wao, mzee sana, alikaa mbele yake kimya, kisha akamwambia baba mdogo, "Mwanangu, hiki sisi hatukukifikiria." Sijamwona baba mdogo akifurahi kama siku ile.

Kabla ya kushua, baba alitaka ushahidi. Aliniambia niingie chini na taa ya koroboi, kisha wao wakamwaga ndoo za maji ya bahari juu. Nilisikia maji yakikimbia juu ya kichwa changu na kutoka pembeni. Nilipitisha kiganja kila muungano. Palikuwa na tone moja karibu na usukani. Niliita, baba mdogo akaongeza pamba, wakamwaga tena, pakawa pakavu.

Kitambaa cha tanga kilikuwa kimefika, na mashua ilishuliwa siku za bamvua, kusi ikiisha na kaskazi bado haijaanza. Tulikuwa tumepaka chini yake deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Watu walikuja kutoka Utende, Kiegeani na Chole. Ikasomwa dua, ukafukizwa ubani, ukapakuliwa wali, na wanaume wakashika kamba. Maji yalipofika kwenye mkuku, chombo kilisogea chenyewe kidogo, watu wakapiga kelele, wakavuta. Fundi yule tuliyeshindwa kumlipa alikuwa mmoja wa wavutaji. Alipanda tezi, akatembea juu ya sitaha peku, akamwambia baba, "Hii ni kazi." Baba hakuwahi kudai kuwa fundi baada ya hapo, lakini nililiona neno lile lilivyomkaa.

Mashua ilivua jarife miaka mingi. Mwaka 1995 ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, baba alikuwa mtu mzima, na uvuvi wa papa ulikuwa umeanza kupungua. Tuliiuza baadaye kwa watu wa Kilwa. Walipokuja kuikagua walileta fundi wao, akagonga sitaha ya tezi kwa nyundo mwanzo hadi mwisho. Mbao zote zililia kwa sauti kali. Tangu tulipoijenga upya, mhimili mmoja tu ndio uliokuwa umebadilishwa, na ulibadilishwa kwa kuvunjika, si kwa kuoza.

Nimeandika haya kwa sababu ninapopita ufukweni siku hizi naona kosa lilelile likirudi kwa sura nyingine. Barafu imekuja, nayo ni neema kwa mvuvi, lakini barafu ikiyeyuka ni maji baridi, na yanatiririka juu ya sitaha kila siku. Boti za faiba zimekuja, watu huchukua mikopo kuzinunua, na vijana huamini kwamba haziozi. Faiba yenyewe haiozi. Lakini sitaha za nyingi kati ya boti hizo zina ubao wa plaiwudi ndani, na skrubu moja iliyokazwa bila kuzibwa inatosha kuingiza maji mle. Ubao uliofunikwa faiba pande zote hauna pa kupumulia, na huoza gizani mpaka siku mtu atakapoukanyaga ukatitia.

Kwa hiyo ninalo neno kwa kila mwenye chombo, cha mbao au cha faiba. Osha sitaha kwa maji ya bahari kila jioni, na barafu ikiyeyuka juu yake, osha tena. Ukitia nanga, fungua kifuniko upepo upite. Usifunge skrubu wala msumari bila kuziba tundu lake. Kila baada ya masika chukua nyundo, gonga ubao mmoja mmoja, na umpe mwanao kisu aingie chini. Mkikuta pameoza, ng'oeni na mjenge wenyewe, hata kama fedha za fundi mnazo, na fundi awepo awaelekeze. Mtoto aliyeshika msumari wa sitaha moja hataiacha ya kwake inyeshewe bure.